Mtoto wa Kagunga Asome Nini Nyumbani Kabla ya Darasa la Kwanza?

Kaskazini mwa mji wa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kuna kisa kimoja cha mtoto kusomeshwa nyumbani ambacho kimeingia vitabuni. Jane Goodall alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960 kuja kuwachunguza sokwe. Mwaka 1967 alijifungua mtoto wa kiume, Hugo, na mtoto huyo akakulia palepale ufukweni. Alisoma kwa masomo yaliyotumwa kwa posta, akisimamiwa na walimu waliokuja kukaa nao. Mama yake alizipanga kazi zake ili abaki na saa za alasiri kwa ajili ya mwanawe. Muda mwingine ulikuwa wa ziwa, kuogelea na kuvua, maana mtoto huyo alipenda samaki kuliko sokwe. Alipofika umri wa miaka tisa hivi alipelekwa Uingereza kwa bibi yake, akaingia shule ya kawaida.

Ukiendelea kwa boti kutoka Gombe, ukaipita Mwamgongo na vijiji vinavyofuata, unafika Kagunga, kando kabisa ya mpaka wa Burundi. Mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa hapo ana ziwa lilelile, mchanga uleule na vilima vilevile vinavyosimama nyuma ya nyumba. Ana jambo moja ambalo mtoto wa Gombe hakuwa nalo, yaani ukoo mzima unaomzunguka: babu, shangazi, binamu, na majirani ambao kila mmoja ana ruhusa ya kumwonya. Lakini hana masomo yaliyotumwa na mtu. Hana kitabu. Na katika watu wote hao, mara nyingi hakuna hata mmoja aliyetengewa saa moja ya siku kwa ajili ya kumfundisha.

Nimeanza na watoto hawa wawili kwa sababu wanatuonyesha kusomesha nyumbani kumejengwa na nini. Kuna mpango wa masomo, kuna vifaa, kuna muda wa mtu mzima, na kuna tarehe ambayo mtoto atatoka nyumbani kwenda shule. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, kinachobaki ni mtoto kukaa nyumbani tu. Tofauti hiyo husahaulika sana katika mazungumzo ya siku hizi.

Katika miji mikubwa, Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, kusomesha watoto nyumbani kumekuwa jambo la familia zenye uwezo. Mtaala huletwa kwa intaneti kutoka nje, asubuhi hesabu na kusoma, jioni mtoto anapelekwa klabu kuogelea au kucheza tenisi, Jumamosi kuna somo la kuchora au ufinyanzi. Wazazi hao wana sababu zao na nyingi ni za haki. Kuna mtoto anayepitiwa na basi la shule kabla jua halijachomoza. Kuna mwenye ulemavu ambaye darasa lenye msongamano haliwezi kumhudumia. Kuna ada zinazopanda kila mwaka. Siwabezi. Ila mjadala ukikaa hapo, mzazi wa Kagunga hana pa kuingilia, na ninaamini swali hili linamhusu yeye zaidi kuliko linavyomhusu mwenye bwawa la kuogelea uani.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayoweka mpaka. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka saba na ambaye hajafika kumi na mitatu aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Mzazi anayemzuia ana kesi ya kujibu. Sheria hiyo haikuweka mlango wa shule ya nyumbani. Kenya nayo, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inamwajibisha mzazi kumpeleka mtoto shule. Kwa upande wa Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliongeza mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na kuanzia Januari 2016 shule za umma zikaacha kutoza ada kuanzia awali hadi kidato cha nne. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo limefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi.

Kwa hiyo nafasi aliyoachiwa mzazi ni miaka ya mwanzo kabisa, tangu mtoto anapoanza kuongea hadi anapoingia awali au Darasa la Kwanza, pamoja na saa zinazobaki baada ya shule. Nasema waziwazi kwamba kwa mwambao huu nafasi hiyo ndiyo inayofaa, na isivukwe. Familia ya Kagunga ikimzuia mtoto wa miaka minane nyumbani kwa jina la kumsomesha, kinachofuata tunakijua: mvulana ataishia kwenye boti na msichana ataishia na mdogo wake mgongoni. Sheria ya 1978 inamlinda mtoto huyo, hata kama shule yenyewe ina kasoro.

Na kasoro zipo. Tathmini za Uwezo, zilizofanyika katika Tanzania, Kenya na Uganda, zilionyesha katika miaka yake ya mwanzo kuwa kama watoto watatu tu kati ya kumi wa Darasa la Tatu nchini Tanzania waliweza kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili kwa Kiswahili. Habari hiyo ilishtua, na mwaka 2015 mtaala wa madarasa ya chini ukarudishwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa mtoto wa Kagunga kuna mzigo mwingine juu ya huo. Lugha ya nyumbani ni Kiha, na kwa familia zenye ndugu ng'ambo ya mpaka ni Kirundi. Kiswahili anakisikia sokoni na gatini, lakini kukisoma ni jambo jingine. Anaingia darasa la awali lenye watoto wengi na mwalimu mmoja, hajawahi kushika penseli, hajawahi kufungua kitabu na kujua kinaanzia upande gani. Miezi yake ya kwanza inaisha akizoea vitu ambavyo angeweza kuvizoea barazani kwao.

Mkoa wa Kigoma umekwisha kuona kwamba jambo hili linatibika. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi kuanzia mwaka 2014 katika mikoa kadhaa ikiwemo Kigoma, ulikuwa na mpango wa utayari wa watoto kuanza shule. Vijana wa kijijini walifundishwa kwa muda mfupi, wakawakusanya watoto ambao hawakuwa na darasa la awali karibu yao, wakawasimulia hadithi, wakaimba nao, wakacheza nao, wakawafundisha kuhesabu kwa vitu vinavyookotwa. Wafundishaji hao hawakuwa walimu wenye vyeti. Walikuwa watu wa kijiji walioonyeshwa la kufanya na kupewa vitabu vya hadithi. Mradi ulifika mwisho, kama miradi inavyofika mwisho, lakini uliacha ushahidi kwamba kazi hiyo inawezekana kufanywa na wenyeji.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niichague Kagunga. Aprili 2015, Burundi ilipoingia katika machafuko kuhusu muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, watu walivuka mpaka na kujaa katika kipande hiki chembamba cha ufukwe. Kufikia katikati ya Mei walikuwa makumi ya maelfu, mbele ziwa, nyuma mlima. Kipindupindu kikalipuka. Barabara ya kuwatoa haikuwepo, ikabidi meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iwe inawabeba takriban mia sita kwa safari hadi Kigoma. Walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, ambako baadaye watoto wengi walisomea chini ya miti. Katika wiki zile za Kagunga, mtoto mdogo, mgeni au mwenyeji, hakuwa na mwalimu mwingine ila mama au dada aliyekuwa naye mchangani. Miaka mitano baadaye, tarehe 17 Machi 2020, shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na za msingi hazikufunguliwa hadi 29 Juni. Uganda ilikuwa na hali ngumu zaidi, madarasa mengi yakabaki yamefungwa hadi Januari 2022. Redio na televisheni zilirusha masomo, na wenye simu za kisasa walipata mengine. Nyumba zisizo na zoea lolote la kumfundisha mtoto zilipoteza karibu kila kitu. Mzazi anayejua kukaa na mwanawe kwa nusu saa na kumfundisha jambo ana akiba ambayo vita wala maradhi haviifungi.

Sasa tuje kwenye kazi za mikono, ambapo mwambao huu ni tajiri kuliko shule nyingi za kulipia.

Tazama kinachofanyika Kagunga katika siku moja ya kawaida. Kuna mtu anashona wavu uliochanika, sindano inapita na kurudi, kipande cha mti kinapima ukubwa wa jicho ili macho yote yalingane. Kuna fundi anaziba nyufa za boti ya mbao. Kuna mwanamke anakamua mawese, mwingine anachemsha sabuni ya mawese na kuikata vipande. Kuna anayesuka mkeka, majani yanapishana, moja juu moja chini. Ndani ya kila kazi kuna somo la mtoto wa miaka mitano, na sizungumzi kwa kukisia: Friedrich Froebel, aliyeanzisha bustani ya watoto huko Ujerumani mwaka 1837, aliwapa watoto wadogo kazi za kusuka, kukunja na kufinyanga kwa imani kwamba vidole hufundisha akili. Maria Montessori alifuata njia yake mwenyewe mjini Roma kuanzia mwaka 1907, akawapa watoto vitu vya kumimina, kufunga na kupanga. Wazo hilo limezunguka dunia na leo linauzwa ghali mijini, vifaa vikiagizwa kwa meli. Kagunga vifaa vipo, ni suala la kumpa mtoto vipande vyake.

Namaanisha hivi. Mtoto wa miaka mitano hawezi kushona wavu wa nailoni wa dagaa, wala hana haja. Lakini kamba za migomba na vijiti viwili vinatosha kumfundisha kufunga fundo na kutengeneza macho makubwa kumi yanayolingana, na hapo amejifunza kuhesabu, kupima kwa kipimo kimoja na kurudia bila kupoteza mpangilio. Kumpa vipande vya majani yaliyopakwa rangi mbili asuke kitu cha ukubwa wa kiganja ni kumfundisha mfuatano, na mfuatano ndio msingi wa kusoma, kwa kuwa silabi nazo huja kwa zamu. Udongo wa kijito huvipa vidole vyake nguvu ya kushika penseli. Sabuni ikikatwa mbele yake, aulizwe: mche huu ukitoa vipande vinne, na huu wa pili vinne, tuna vingapi? Kokwa za mise zikipangwa kumi kumi kwenye mkeka zinafanya kazi ya vihesabio vyote vya dukani.

Mfano bora wa njia hii ninaoujua Afrika Mashariki ulianza Mombasa miaka ya 1980. Viongozi wa Kiislamu wa pwani waliona watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, wakaomba msaada, na Mfuko wa Aga Khan ukasaidia kuanzisha mpango wa Madrasa, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Wanawake wa mitaa yenyewe walifundishwa ualimu wa watoto wadogo. Vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, makombe, vifuniko vya chupa na ukindu. Dini na maadili ya nyumbani havikuachwa mlangoni. Viliingia darasani pamoja na KKK. Ujiji na vijiji vya mwambao, vyenye historia ndefu ya vyuo vya Kurani na makanisa yenye shule za Jumapili, vina misingi ileile ya kujengea. Sheikh au mwalimu wa dini anayewakusanya watoto kila alasiri tayari ana kile ambacho miradi hukitafuta kwa fedha nyingi, yaani watoto wanaokuja na wazazi wanaoamini.

Lakini kuna pingamizi zito, na ni lazima lijibiwe kwa heshima. Wazee wanajua kwamba maneno kama haya yamewahi kutumika vibaya. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikipendekeza elimu inayoendana na maisha ya kijijini, na wengi waliona kwamba maana yake kwa Mwafrika ilikuwa jembe, huku watoto wa Wazungu wakipewa vitabu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, waraka wenye nia njema ya kuunganisha kichwa na mikono. Katika shule nyingi utekelezaji wake ukageuka kulima shamba la shule na kuchota maji ya mwalimu. Mzazi wa Kagunga akisikia kwamba mtoto wake afundishwe kushona nyavu, ana haki ya kuuliza: je, mwanangu amekwisha kuandikiwa uvuvi?

Jibu langu ni kwamba mtoto mdogo hafundishwi kazi ili aifanye maishani. Anaifanya ili akili yake ipate kitu cha kushika. Fundo la wavu akiwa na miaka mitano linamwandaa kwa herufi, kwa jometri, kwa upasuaji wa hospitalini ikiwa ndiko atakakofika. Ndiyo maana kazi za mikono zisitengane na kitabu hata siku moja. Kila kinachoshonwa au kufinyangwa kipewe jina, jina liandikwe, lisomwe. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi, na hilo linampa mzazi hoja mpya: anachokifanya mtoto barazani kina nafasi yake darasani, na kinaweza kumtangulia huko.

Mpaka mwingine ni wa kazi na utumwa wa mtoto, na hapa sitaki kupindisha. Ufukweni kuna kazi ndogondogo zisizoisha: kuanika dagaa, kuwageuza, kufukuza ndege, kubangua mise, kuokota chikichi zilizoanguka. Mikono midogo inatamaniwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabia mtoto haki ya kucheza na kupumzika pamoja na haki ya chakula na elimu. Kipimo ninachopendekeza kwa mzazi ni chepesi. Kazi ya mikono ni somo ikiwa kitu anachotengeneza mtoto kinaweza kuharibika na asigombezwe mtu. Fundo likikosewa, linafunguliwa na kucheka pamoja. Ikiwa kukosea kwake kunapunguza kipato cha nyumba, basi ile ni kazi ya nyumba, na mtoto wa miaka mitano hana la kufanya pale. Kumbeba mdogo wake kutwa nzima nako kusiitwe somo la malezi. Wasichana wamefundishwa somo hilo kupita kiasi.

Kuhusu michezo, kwa mtoto wa Kagunga mchezo wa kwanza ni kuogelea. Sitaki uwekwe sambamba na mingine, kwa kuwa huu unaokoa uhai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Nchi yetu ina kumbukumbu za kuzama kwa meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere, 20 Septemba 2018, vyote Ziwa Victoria. Watoto wa mwambao huu wanapanda boti za abiria tangu wanyonyeshwapo. Wavulana wengi hujifunza kuogelea kwa kuigana, bila mtu mzima, na wanaojua huwavuta wasiojua kwenye kina. Wasichana wengi hawajifunzi kabisa, kwa sababu za stara na kwa sababu hakuna mwanamke wa kuwafundisha.

Jambo hili nalo limekwisha kupatiwa njia nchini mwetu. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na wanawake waliofunzwa wakawa walimu wa wengine. Heshima ya dini ilibaki na uhai ukalindwa. Kagunga somo la kwanza lingekuwa kuelea chali kwenye maji ya kiunoni, akiwa ameshikwa na mtu mzima, siku baada ya siku hadi mtoto aache kuogopa maji usoni. La pili ni kujigeuza na kurudi nchi kavu. La tatu ni kuvaa jaketi okozi mwenyewe na kulifunga. La nne, ambalo ni la kuzungumza, ni kwamba mwenzako akizama hujitupi, unaita, unarusha kamba au dumu tupu. Mwalimu achague mahali. Ziwa Tanganyika lina kichocho katika baadhi ya fukwe, na konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani na vinywa vya vijito. Dawa ya kichocho hugawiwa zaidi shuleni, kwa hiyo mtoto ambaye hajaanza shule hupitwa. Wazazi waulize zahanati.

Mpira wa miguu haunihitaji niutetee Kigoma, mkoa alikozaliwa mlinda mlango Juma Kaseja. Chandimu itachezwa hata bila mpango wa mtu. Ninachoomba ni kwamba mtoto mdogo asiishie kuwa mwokota mpira wa kaka zake, na msichana naye apate uwanja wake, iwe rede, kuruka kamba au mpira wenyewe. Mdako unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa: jiwe linarushwa, kokoto zinatolewa shimoni na kurudishwa, ikibaki moja, zikibaki mbili, zikibaki tatu. Mtoto anajumlisha na kutoa huku jiwe liko hewani. Bao ni la baadaye kidogo, mashimo 32 na kete 64, lakini mtoto wa miaka sita anayekaa kando ya babu yake anaanza kuhesabu mbele bila kuambiwa.

Nani atafundisha yote haya? Hapa ndipo mipango mingi huanguka, kwa kuwa huandikwa na watu wanaodhani baba na mama wapo nyumbani jioni. Ufukweni baba anavua usiku na kulala mchana. Mama yuko sokoni, au amevuka kwenda Nyanza-Lac, upande wa Burundi, kununua na kuuza. Lakini uvuvi wa dagaa una ratiba yake, na ratiba hiyo inaweza kutumika. Dagaa hufuata taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, boti hupumzika. Kila mwezi kuna usiku kadhaa ambapo wanaume wako nyumbani, wameamka, wanakarabati nyavu ufukweni. Hizo ndizo siku za baba kufundisha: kuogelea asubuhi, mafundo alasiri. Mwaka 2024 serikali ilipofunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, miezi mitatu ilipatikana ambayo ingeweza kutumika hivyo. Kufunga ziwa kukija tena, halmashauri ikitangaza kusitisha uvuvi itangaze pia masomo ya watoto ufukweni, na wavuvi wenyewe wawe walimu.

Siku nyingine zilizobaki ziwe za zamu. Nyumba tano zenye watoto wa miaka mitatu hadi sita zinaweza kukubaliana, kila asubuhi nyumba moja ikae na watoto wote kwa saa mbili. Bibi mmoja anajua hadithi, atasimulia kwa Kiha kwanza, kisha mtu arudie kwa Kiswahili. Shangazi anajua mikeka. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri bahati yake anajua herufi. Hakuna anayelazimika kujua kila kitu, na hiyo ndiyo nafuu ya Kagunga juu ya nyumba ya mjini yenye mama mmoja na kompyuta.

Kitabu ndicho kigumu zaidi kupatikana. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umetoa hadithi nyingi za Kiswahili kwa ajili ya watoto, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni bila malipo. Katuni za shirika la Ubongo, hasa Akili and Me iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wadogo, zinaweza kuhifadhiwa kwenye simu moja na kuonyeshwa kwa kikundi. Lakini simu haishikwi na mikono kumi, na mtoto anayejifunza kusoma anatakiwa aguse ukurasa. Vitabu ishirini vya hadithi katika sanduku lisiloingia maji, likizunguka nyumba kwa nyumba, vingebadilisha kijiji. Gharama yake haifiki bei ya injini ya boti.

Serikali ina mpango wa kushikiza haya. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na inaitambua familia kuwa mahali pa kwanza pa kujifunza. Kauli hiyo ni nzuri, ila ikibaki Dodoma haina kazi. Kagunga inahitaji ifike kwa mambo madogo yanayohesabika. Mwalimu wa awali apewe siku moja kwa mwezi ya kuzitembelea nyumba za zamu na kuwaona watoto atakaowapokea mwakani. Serikali ya kijiji itenge kipande cha ufukwe, kionekane na kiwe salama, kwa ajili ya watoto kuogelea wakiwa na wasimamizi. Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma itoe sanduku la vitabu na jaketi okozi za ukubwa wa watoto.

Na wewe mzazi uliye Kagunga, Mwamgongo, Ujiji au popote penye maji mbele na shule mbali, usisubiri sanduku hilo. Mshike mwanao mkono leo umfundishe kuelea, mfunge naye fundo moja, mwandikie jina lake mchangani hadi aweze kuliandika mwenyewe. Akifika umri, mpeleke shule asikose hata siku moja.